Kisu huku au mionzi Dar?

Mama wa Newala au Ruangwa akiambiwa ana saratani ya shingo ya kizazi, ndugu hukaa kikao siku hiyohiyo, na swali huwa moja: si watoe tu kizazi hapahapa yaishe? Upande wa pili ni safari ya Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini, kisha wiki saba au nane za kuishi Dar es Salaam. Wanaotaka kisu si wajinga, na hoja yao ina uzito.

Uvimbe ambao haujatoka nje ya shingo ya kizazi na haujazidi sentimita 4, upasuaji huuponya sawa na mionzi. Kwa mwanamke wa miaka 35 una faida zaidi: ovari zinaweza kuachwa, hivyo haingii ukomo wa hedhi kwa ghafla, uke haukakamai, na baada ya siku chache wodini anarudi kwake. Kwa mtu ambaye korosho zimeanza kudondoka na hana wa kuziokota, hilo si jambo dogo.

Kasoro imejificha kwenye hayo maneno "kutoa kizazi". Operesheni ya faibroidi, uvimbe wa kizazi usio saratani, hukata karibu na ukuta wa kizazi. Ya saratani hii, ukiacha hatua inayoonekana kwa hadubini tu na baadhi ya vivimbe visivyozidi sentimita 2, hutoa pia nyama za pembeni, sehemu ya juu ya uke na tezi za nyonga, huku mirija ya mkojo ikifunuliwa na kusogezwa pole pole isikatwe. Daktari anayeifanya mara moja kwa mwaka si wa kumkimbilia. Tena ifanywe kwa kufungua tumbo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliopasuliwa kwa matundu madogo walirudiwa na ugonjwa na kufa zaidi.

Ajali mbaya kuliko zote ni ya mama anayetokwa damu, akaonekana ana faibroidi kwenye ultrasaundi, akatolewa kizazi cha kawaida bila mtu kumwekea spekulamu, kifaa cha kufungulia uke ili shingo ya kizazi ionekane. Majibu ya maabara yanakuja baadaye: saratani. Sasa mionzi ni ya lazima, lakini imekuwa ngumu. Mionzi ya ndani hutolewa kwa kijiti chembamba kinachopitishwa kwenye shingo ya kizazi hadi ndani ya kizazi, kikitoa dozi kubwa palepale penye uvimbe. Kizazi kikishaondolewa, kijiti hakina pa kukaa, na utumbo umeshuka kwenye nafasi iliyoachwa, ukapokea mionzi isiyo yake. Hata aliyefanyiwa operesheni sahihi, ikigundulika tezi zina saratani au kingo si safi, ataenda kwenye mionzi tu, na hapo hubeba madhara ya tiba mbili. Ndiyo maana uvimbe uliozidi sentimita 4, au ulioingia nyama za pembeni, hauguswi kwa kisu tangu mwanzo.

Mionzi nayo ina gharama zake. Ya nje hutolewa siku tano kwa wiki, vipindi kama 25, pamoja na dripu ya sisiplatini, dawa ya saratani, mara moja kwa wiki, miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Kisha ya ndani. Vyote viishe ndani ya siku 56. Kila ukatizaji unaipa saratani muda wa kuota tena. Kuharisha na kuungua mkojo huja mapema, damu kwenye choo inaweza kuja baada ya miezi. Uke husinyaa, na mgonjwa anapaswa kupewa kifaa cha kuupanua na kufundishwa kukitumia. Hili halisemwi, kwa aibu ya pande zote mbili.

Kwa hiyo ninaegemea wapi? Kinyama kwanza, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, kikao cha ukoo baadaye. Kinyama kichukuliwe ukingoni mwa kidonda, si katikati palipooza, maana huko maabara itaona tishu mfu tu na mama ataitwa upya. Kiwekwe kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya kinyama chenyewe. Si maji, wala si maji ya dripu. Kopo liandikwe jina ubavuni, si kwenye kifuniko kinachoweza kuhamia kopo jingine. Kinyama kikisafiri, mama anabaki nyumbani akisubiri.

Wakati huohuo apimwe wingi wa damu (himoglobini), VVU, kreatinini inayoonyesha kazi ya figo, na ultrasaundi ya figo. Uvimbe ukibana mirija ya mkojo, figo hujaa, na sisiplatini haiwezi kutolewa. Himoglobini ikiwa 6, Dar wataanza kwa kumwongezea damu na wiki itakuwa imepotea. Ndugu wachangie damu mapema. Majibu yote ayabebe mkononi. Barabara yetu ya kusini nayo ina mambo yake: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata upande wa Somanga, kwa hiyo anayesafiri masika asipange kufika siku ileile ya miadi.

Hoja ya wanaotaka kisu ninayoikubali bila ubishi ni ya fedha. Ukiacha matibabu, kuna chumba, chakula na nauli za watu wawili kwa miezi miwili, na wengi husema wasubiri malipo ya mnada wa korosho. Lakini uvimbe wa sentimita 3.5 mwezi Agosti huenda usiwe hivyo Desemba, na ule uliokuwa wa kisu ukawa wa mionzi. Kama ukoo una kitu cha kuuza, kiuzwe sasa. Mgonjwa ambaye saratani imeshafika kwenye mapafu au ini, huyo hesabu yake ni nyingine: vipindi vichache vya mionzi kuzuia damu, kisha arudi nyumbani na mofini ya maji ya kutuliza maumivu, akae na watu wake.