Samansi Chini ya Godoro

Jirani yangu wa Nyakato, Mwanza, muuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, alimchungulia dirishani mleta samansi, yaani wito wa mahakama, ya kesi ya mkopo wa benki, akamwambia mtoto, "Kamwambie baba hayupo." Safari ya pili jamaa hakubisha hodi, aliibandika mlangoni akaondoka. Jirani akaibandua, akaikunja vizuri, akaificha chini ya godoro. Mama watoto wake aliikuta wiki tatu baadaye akianika magodoro.

Wiki tatu hizo ndizo siku 21 anazopewa mdaiwa kuwasilisha utetezi wa maandishi.

Huku kwetu watu wanaamini usiposaini, kesi haijakufikia. Lakini aliyeileta anakwenda kuapa kwamba ameibandika, mahakama ikiridhika inasikiliza upande mmoja. Baada ya hapo ni dalali na kipaza sauti chake, mtaa mzima unasikia.

Benki kudai pesa yake ni haki yake, sina ugomvi. Kinachoniudhi ni sisi kuwaachia uwanja. Isome karatasi yenyewe kwanza, maana kesi ya rehani, yaani nyumba iliyowekwa dhamana ya mkopo, inaweza kufunguliwa kwa utaratibu wa muhtasari, yaani wa mkato, na hapo ni lazima uombe kwanza ruhusa ya kujitetea. Kama ni wito wa kawaida, jibu hati ya madai aya kwa aya. Ukiandika tu "nakanusha yote", dai ambalo hukulikanusha waziwazi linaweza kuhesabiwa kwamba umelikubali.

Na "ziwa limekauka samaki, biashara imeyumba" si utetezi, ni hoja ya kuombea kupangiwa upya marejesho. Kaombe, lakini maneno matamu ya afisa mikopo hayasimamishi siku za mahakama. Utetezi uko kwenye mambo makavu: notisi ya siku 60 ya kushindwa kulipa ilikufikia? Malipo uliyofanya kwa wakala yameingizwa kwenye hesabu yao? Riba ya adhabu imetoka kifungu gani cha mkataba? Tafuta risiti, hata zile zilizofifia wino.

Mama watoto hakugombana na mtu. Siku ya 23 alipanda daladala na samansi yake na mfuko wa risiti, kwa sababu ndani ya siku 7 baada ya muda kuisha bado unaweza kuomba kuongezewa, ukiwa na sababu ya msingi. Wakili hakuanza na deni. Alimuuliza kama nyumba wanaishi wote, kisha kama aliwahi kusaini rehani, kwa kuwa Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenza kwa nyumba ya familia.

"Rehani ipi?" mama watoto akauliza.