Pete mguuni mwa kurumbiza: wavu unastahili lini?

Novemba na Desemba, katika usiku usio na mbalamwezi, ukungu ukishuka juu ya Ngulia ndani ya Tsavo Magharibi, taa za hoteli iliyo ukingoni mwa genge huwavuta ndege kwa mamia. Ni ndege wadogo wanaoikimbia baridi ya Ulaya na Asia, nao husafiri gizani. Wakipotewa na njia huifuata nuru ile, na hapo hukuta nyavu nyembamba wasizoziona. Tangu 1969 wataalamu na watu wa kujitolea wamekuwa wakiwanasua, kuwapima bawa na uzani, kuwavisha pete ya alumini yenye namba, kisha kuwaachia waendelee na safari.

Ukimweleza mtu kazi hii kwa mara ya kwanza, mara nyingi huuliza: ndege wa gramu kumi na mbili, ametoka Urusi kwa mabawa yake, amekosa nini hata akamatwe? Swali hilo halistahili kuchekwa. Wavishaji pete wenyewe hubishana juu yake.

Hoja inayosikika zaidi upande wa utetezi ni ya safari. Mwaka 1899, huko Viborg, Denmark, mwalimu Hans Christian Mortensen aliwavisha kwezi pete zenye namba, na utaratibu wake ukaenea Ulaya nzima. Mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, Mei 1911, alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Ubishi wa karne nyingi kuhusu mahali mbayuwayu wanapojificha majira ya baridi ulijibiwa na kipande cha bati.

Mimi naona hoja hii inabebeshwa mzigo mkubwa kuliko nguvu zake. Ndege wadogo wa vichakani wakifa huliwa na siafu au huoza chini ya majani, na pete huoza nao kimyakimya. Ngulia wamevishwa pete laki kadhaa, lakini wanaopatikana tena mbali na pale ni wachache mno. Tena masafa yana mashahidi wengine. Kuna ndege mmoja wa rangi ya udongo (kwa Kiingereza huitwa marsh warbler) anayepita Ngulia kwa wingi na kuzaa Ulaya, ambaye dume lake huimba kwa kuiga sauti za ndege wengine. Mwaka 1979 mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alionyesha kwamba madume hao walikuwa wakiiga aina 212, na 113 kati ya hizo ni za Afrika. Ndege anatua Ubelgiji na kuimba habari za vichaka vya kwetu. Amekuja na anwani yake kooni, bila pete.

Thamani kubwa ya pete, kwa maoni yangu, iko kwa ndege asiyekwenda popote.

Chukua kurumbiza wa msitu wa Usambara, anayeishi na kufia bonde lilelile. Anavishwa pete mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nyavu zinatandazwa palepale, haonekani. Mwaka wa tatu huyo hapo, na pete yake ileile. Basi tumejua mambo mawili kwa mpigo: mwaka wa pili alikuwa hai, na mwaka wa pili wavu ulimkosa. Kusanya visa kama hicho kwa mamia ya ndege, utapata kipimo cha upofu wa wavu wenyewe. Ukishaujua upofu huo, unauondoa kwenye hesabu na kukaribia kujua ni wangapi wanaovuka mwaka. Hesabu hiyo ilipangwa na wanatakwimu: Cormack mwaka 1964, kisha Jolly na Seber mwaka 1965, na bado ndiyo msingi wa kazi hii. Kwa darubini peke yake huwezi kuifanya, kwa sababu kurumbiza wawili wa aina moja wanafanana kama punje za mchele.

Mtafiti William Newmark alianza kutandaza nyavu katika vipande vya misitu ya Usambara mwaka 1987. Baada ya miongo mitatu, yeye na wenzake waliweza kuhesabu jinsi aina 21 za ndege zinavyoishi na kuongezeka, wakaona kwamba kwa aina kadhaa hali huwa mbaya joto linapopanda. Kwenye vilima vya Taita, mtafiti Luc Lens na wenzake walifanya kazi ya namna hiyo katika mabaki ya msitu: Mbololo, Ngangao, Chawia. Walipima hata mguu wa kushoto na wa kulia wa kila ndege. Katika aina saba, tofauti kati ya miguu hiyo miwili ilikuwa kubwa zaidi pale msitu ulipovurugwa zaidi. Ndege aliyekulia kwenye dhiki hukua akiwa na upogo kidogo, na upogo huo hauonekani mpaka umshike mkononi.

Sasa upande wa pili. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, uliokusanya kumbukumbu za mashirika ya Marekani na Kanada, ulipata kwamba katika kila ndege elfu moja wanaonaswa, takriban sita huumia na wawili hivi hufa. Ni wachache, nakubali. Lakini hizo ni takwimu za mashirika yenye mafunzo na kumbukumbu nzuri. Wavu uliosahauliwa nusu saa juani, au uliotandazwa chini sana karibu na njia ya siafu, hauna wa kuuandikia takwimu.

Pete yenyewe nayo si kitu cha kupuuza. Mwaka 2011 ilibainika kwamba pengwini wakubwa waliofungwa utepe wa chuma kwenye bawa waliishi kwa kiwango cha chini kwa asilimia 16 na kupata makinda pungufu kwa asilimia 39, katika miaka kumi. Watetezi hujibu kwamba utepe wa bawani ni tofauti na pete ndogo ya mguuni, na jibu lao ni sahihi. Hata hivyo, utepe ule nao uliaminiwa miaka mingi kabla ya mtu kuupima.

Halafu kuna udanganyifu wa wavu. Wahenga walisema ndege mjanja hunaswa na tundu bovu. Huenda, ila mara ya pili hanaswi kirahisi. Aliyewahi kushikwa hukumbuka mahali pale na kupaepuka, kwa hiyo ndege hai anaweza kuhesabiwa kama hayupo na umri wa wenzake ukakadiriwa mfupi kuliko ulivyo. Aliyehamia kipande kingine cha msitu naye huonekana kama maiti. Na ndege wa vileleni hawahusiki kabisa, maana wavu haufiki mbali zaidi ya mita tatu kutoka ardhini.

Kasoro hizi hazinifanyi niseme nyavu zikunjwe. Zinanifanya nigawe kazi hii mafungu mawili. Ndege wawili wanaokufa katika elfu moja ni gharama ninayoweza kuitetea Taita au Amani kule Usambara, ambako wavu hurudi mwaka baada ya mwaka na pete husomwa tena. Ngulia naiweka katikati: ndege hawarudi, lakini miaka hamsini ya vipimo mahali pamoja inaonyesha nani anapita lini, akiwa na mafuta kiasi gani mwilini.

Ninalolitilia shaka ni fungu la pili, nalo halizungumzwi sana: msafara wa wiki tatu, mwanafunzi mwenye kibali cha msimu mmoja, picha nzuri za ndege mkononi, kisha nyavu zinapakiwa na watu wanaondoka. Kwenye msitu ule wamebaki ndege mia mbili wenye namba miguuni, na hakuna aliyepangiwa kurudi mwakani kuzisoma. Wanaotoa vibali wangeanza kwa kuuliza hilo kabla ya kuuliza idadi ya nyavu.