Taa Inayosema Nusu Nusu

Wajapani nawaheshimu, lakini kwenye hili wametuonea. Gari lao linajua kunipigia kelele mlango ukiwa wazi. Nisipofunga mkanda, linalia mpaka abiria wa daladala ya pembeni wanageuka. Ila injini ikiumwa, linawasha kitaa kimoja cha rangi ya chungwa, basi. Lina nini? Halisemi. Mtafute kijana mwenye mashine, umlipe, ndipo akwambie gari lako linataka nini.

Kijana akachomeka waya wake chini ya usukani, akasoma, akatamka: "P0016." Kisha akanyamaza, kama vile tumeshaelewana.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Sensa hiyo, bosi, kihisio cha injini. Ndogo tu."

Hiyo P inahusu injini na giaboksi. Sifuri inayofuata maana yake namba hii ni ya watengenezaji wote, si ya kampuni moja. Yaani dunia nzima imekaa ikakubaliana, halafu hapa kwetu kila gereji ina tafsiri yake.

Sensa ya kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu za injini, ikanunuliwa Ilala. "Orijino," nikaambiwa, ingawa kiboksi chake kilikuwa na wino unaobaki vidoleni. Taa ikafutwa kwa mashine. Kufika Ubungo, hii hapa imewaka tena. Shemeji yangu akashauri niizibe kwa selotepu nyeusi. Na huyo ana leseni, serikali imempa.

Ndipo nikapelekwa kwa fundi mmoja mzee, Mwananyamala.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Liache lilale hapa, injini ipoe. Kesho asubuhi tutaisikiliza."

Asubuhi akapiga stata. Injini ikatoa krrr-krrr sekunde chache, halafu ikatulia. Ile krrr-krrr ndiyo inayomwamsha jirani yangu kila alfajiri, na malipo yake ni kuninunia mpaka jioni.

"Krenkishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja," mzee akasema. "Cheni ya taimingi ndiyo inayozifunga pamoja. Kompyuta inasikiliza sensa ya huku na ya kule. Ikiona hazipatani, inakupa P0016."

Kumbe taa yenyewe ni kama mjumbe wa ukoo: anatangaza kuna ugomvi, hataji nani kaanza! Inaweza kuwa sensa kweli. Inaweza kuwa oili chafu, au ile valvu ya oili inayosogeza taimingi ya kamshafti. Lakini kwa mlio ule, mzee alisema pini za cheni zimelika, cheni imekuwa ndefu, na tensheni inayosukumwa na oili haiwahi kuikaza injini ikiwa ya baridi.

Nikamwonyesha dashibodi: kilomita 58,000 tu! Alicheka mpaka akatafuta tairi la kukalia. "Cheni haisomi dashibodi, mwanangu."

"Sasa cheni ni shilingi ngapi?"

"Cheni yenyewe si kitu."

Hapo miguu ikaniisha nguvu. Fundi akikwambia kitu si kitu, ujue kuna vitu. Cheni imekaa ndani ya injini, kwa hiyo kava ya mbele inafunguliwa. Ukishafungua, utaachaje tensheni? Na zile plastiki zinazoiongoza, nazo zimelika. Meno ya gia yakaguliwe. Halafu silikoni, oili mpya, filta mpya, na chai ya vijana wawili wanaoshika tochi.

"Nikiiacha kwanza mpaka mwisho wa mwezi?"

"Cheni ikiruka meno, kwa injini yako hii, pistoni zinagonga valvu. Hapo hatuongelei cheni tena, tunakwenda kutafuta injini."

Nikameza mate. "Haya. Nikibadilisha vyote hivyo, taa itazimika?"

"Itazimika."

"Na ikirudi?"

Akajikuna kisogo kwa bisibisi, akaitazama injini, akanitazama mimi.

"Ikirudi, basi itakuwa sensa."