Jipu la Kalio la Kulia

Ukiwa na jipu mkononi unapewa pole na kiti. Ukiwa nalo kalioni unapewa pole tu. Foleni yote niliisimamia, nikiwatazama waliokaa kwenye mabenchi kwa wivu mkubwa.

Daktari alilibonyeza kwa vidole viwili, usaha ukacheza chini ya ngozi. Akasema limeiva, vidonge haviufikii usaha uliokwisha kujijengea ukuta, hapo ni kisu. Nikapimwa sukari, kwani majipu mengine huletwa na kisukari, kisha nikaingizwa chumba cha upasuaji mdogo.

Siri yangu ikaishia mlangoni. Kabla ya ganzi muuguzi huuliza jina, upasuaji gani na upande upi, na mgonjwa hujibu kwa kinywa chake, ili asije akapasuliwa asiyehusika. Nikanong'ona.

"Baba, sauti!"

"Kalio! La kulia!"

Kati yetu na foleni palikuwa na pazia tu. Kikohozi cha mtu anayezuia kicheko nakijua.

Nikalala kifudifudi. Daktari akamfundisha mwanafunzi aliyeshika bomba la sindano: lignokeini, dawa ya ganzi, ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita, isipochanganywa na adrenalini, dawa ya kubana mishipa ya damu, usizidishe miligramu 3 kwa kila kilo ya mgonjwa, yaani mililita 18 kwa mtu wa kilo 60. "Zungusha pembeni, kwenye ngozi nzima. Ndani ya jipu usiingie." Penye usaha pana asidi, na ganzi haipenyi vizuri kwenye neva. Tena jipu limeshajaa. Ukiliongezea maji, litatafuta pa kutokea.

Kijana akaingia ndani.

Nilisikia kalio likivimba, halafu fyuu! Usaha ukapenya pale ngozi ilipokuwa nyembamba, ukamkuta ameinama kusoma mililita, hana miwani ya kinga. Mimi uso uko kwenye shuka, sioni kitu.

"Sista, limetoka?"

"Limetoka, baba. Na limefika."

Kijana akakimbizwa sinkini kuosha macho kwa maji mengi. Daktari akachoma ganzi upya pembeni, akasubiri dakika chache, akaifinya ngozi kwa koleo. Maumivu hakuna, ila kuguswa na kuvutwa unakusikia kote, na ndiyo maana watu hupiga kelele za bure. Kisu namba 11, kile chenye ncha kali, kikapasua ufa wa kutosha. Tundu dogo huziba mapema na jipu hurudi. Kisha koleo likaingia kuvunja vyumba vya ndani. Hapo kelele zangu hazikuwa za bure, maana ganzi ya pembeni haifiki vizuri huko.

Wakaosha kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, wakajaza utepe wa gozi, kitambaa chepesi cha vidonda, ncha wakaiacha nje. Hawakushona. Jipu ukilishona umeufungia usaha ndani.

Kesho yake gozi lilikuwa limegandia kwenye kidonda, na la namna hiyo halivutwi kavu: hulowekwa kwanza kwa maji yale yale ya chumvi, likalegea ndipo linachomolewa taratibu. Aliyekuja kulichomoa ni yule yule kijana. Miwani ya kinga, barakoa, aproni ya plastiki hadi magotini, amesimama ubavuni kwa mbali, mkono ameunyoosha wote.

Likatoka kimya kimya, halina hata tone.