Unapigana na Kanali Gani Saa Hizi?

Jamani, mwenye nyumba akija kudai kodi leo mwambieni nimelala. Macho yangu mekundu kama ya mvuvi wa dagaa, na wala si pombe. Ni keneli, kiini cha Linux, ule mfumo unaoendesha kompyuta yangu.

Iko hivi. Hapa Tandika nina seva, yaani mashine ya kukutanishia wachezaji, ya Counter-Strike 1.6, lile gemu la risasi la 2003, imo ndani ya kompyuta ya mtumba niliyoichukua Kariakoo. Inakaa sebuleni, pembeni ya televisheni na ruta ya mtandao. Vijana wa mtaa wananilipa mia tano mia tano kwa usiku, maana kwenye seva za Ulaya pingi, yaani milisekunde za ujumbe kwenda na kurudi, haishuki chini ya 100, unakufa kabla hujamwona aliyekuua. Kwangu pingi ni 3. Raha mustarehe. Wiki iliyopita wakaanza: "Anko, seva inaganda." Inagandaje? "Nampiga mtu ya kichwa, anko, yeye anatembea tu." Na anayelalamika ndiye huyohuyo ninayemdai za wiki mbili.

Nikajiapiza: nitaishughulikia mpaka uvunguni. Nikasoma kwamba saa ya ndani ya Linux mara nyingi inagonga mara 250 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 4, na kwamba wenye seva za gemu wanaitaka igonge mara 1000. Ukipiga hesabu inaingia akilini. Seva yangu inakokotoa mchezo mara 100 kwa sekunde, kila zamu milisekunde 10. Ukimchelewesha mtu 4 katika 10 zake, si umemuibia?

Sasa saa hiyo haibadilishwi kwa kubofya. Unachukua msimbo mbichi wa keneli, unachagua vipengele kwenye menyu ndefu kuliko foleni ya daladala jioni, halafu unaipika upya yote. Menyu inahoji: una kifaa hiki? Una kile? Nikajibu hapana, hapana, hapana, kama mtu anayekwepa michango ya harusi.

Kuipika nilianza saa mbili usiku. Saa nne umeme ukakatika. Uliporudi nikaanza upya, mbu wakinisindikiza. Saa tisa ikaiva, nikaiwasha. Kioo cheusi, maandishi meupe: keneli imeshikwa na kiwewe, haiuoni mzizi wa mafaili. Kumbe katika zile hapana zangu nilikataa na dereva wa diski, ile programu ya kuisomea! Yaani nimejenga nyumba nikasahau mlango, na mimi niko nje na ufunguo mkononi.

Mama watoto akatokea, khanga kifuani. "Baba watoto, unapigana na kanali gani saa hizi?"

"Keneli, mama. Si kanali."

"Sawa, mwambie akupe likizo."

Bahati keneli ya zamani ilikuwa bado ipo kwenye orodha ya kuwashia. Usiku wa pili nikarudia, safari hii nikijibu ndiyo hata kwa vifaa ambavyo sijawahi kuviona. Ikawaka. 1000! Nikawapigia vijana kifua mbele. "Anko, bado inaganda." Ndipo nikaangalia tarehe ya ule ushauri. Wa 2005. Tangu 2007 keneli imewekewa vipima muda vya kisasa visivyosubiri yale mapigo ya saa kabisa. Nimekesha siku mbili nikitibu ndui.

Usiku wa tatu nikahamia kwa gavana. Ndiyo, Linux nayo ina gavana. Sisi wetu yuko Benki Kuu, Kenya wanao 47, na huyu wa Linux kazi yake ni kuamua prosesa, ubongo wa kompyuta, ikimbie kwa kasi gani. Wangu alikuwa mbahili, anapunguza kasi kila akiona pametulia. Nikamwondoa, nikamweka wa mbio muda wote. Dakika tano za kwanza, asali. Vijana wanashangilia mpaka nawasikia dirishani. Ya sita, seva ikaganda kuliko siku zote.

Nikapima joto. Nyuzi 97! Prosesa ikifika huko inajipunguza kasi yenyewe isijiunguze, gavana apende asipende. Nikainuka nikaenda kuipapasa kompyuta juu, mara ya kwanza kuigusa hapo katika siku zote hizo. Mkono ukatua kwenye uzi.

Kitambaa cha kufuma. Cha waridi, kingo zimeshuka pande zote, zimeziba matundu ya hewa kwa ustadi mkubwa. Juu yake chombo cha maua ya plastiki.

"Kimekuwepo tangu wiki iliyopita, mawifi zangu walipokuja," mama watoto akasema. "Ulitaka wakute kompyuta iko uchi sebuleni?"

Nikakivua. Nyuzi 61. Gemu ikateleza kama mlenda, na hakuna hata mmoja aliyesema ahsante anko. Wa wiki mbili akaaga kwamba kesho Mungu akipenda.

Mama watoto hakubisha. Alikikunja kitambaa taratibu, akaondoka nacho na maua yake, nami nikalala kama gogo. Asubuhi hii simu imeniamsha: "Anko, seva haionekani kabisa."

Nimechungulia sebuleni. Kompyuta iko uchi, inapumua. Ruta imevaa waridi.