Shangazi, chumvi ya mawe na hii kelele ya madini joto

Juzi kwenye grupu la familia shangazi katuma voisi, tuache chumvi ya paketi eti ina kemikali, turudi kwenye chumvi ya mawe waliyokula mabibi zetu. Nusu ya grupu wakaitikia amina. Mi nikanyamaza maana kubishana na shangazi ni kazi, ila hapa ngoja niseme.

Hiyo kemikali ndo madini joto, yaani ayodini inayotiwa kwenye chumvi, na mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito 250, kiasi ambacho kwenye ncha ya kijiko hata hukioni. Yakikosekana tezi ya shingo inavimba, ndo rovu, na hao mabibi tunaowasifia, wale wa milimani kule Iringa na Mbeya, wengi walikuwa nalo shingoni. Na baya zaidi halionekani shingoni, mtoto akiyakosa tumboni ubongo wake haukui inavyotakiwa na hapo ukija kumpa baadaye ushachelewa. Halafu wanaosema chumvi ya bahari inayo yenyewe, hapana, maji yakishakauka yanayobaki ni kiduchu mno. Samaki ndo wanayo, na mwani, ule wanaolima kina mama wa Paje na Jambiani kule Zanzibar, ila sisi hatuuli, karibu wote unapakiwa kwenda nje.

Lakini shangazi naye hajakosea kote. Miaka ya 1990 kule Kivu, mashariki mwa Kongo, na Zimbabwe, watu walikaa miaka mingi bila madini joto kisha chumvi ikaja nayo kwa wingi, baadhi yao, hasa wenye umri mkubwa, tezi zikafanya kazi kupita kiasi, moyo mbio, mwili unakonda. Kwa hiyo kipimo kina maana, na hapo ndo namuonea huruma mzalishaji mdogo wa pwani anayepulizia chumvi kwa bomba la mkono, gunia hili linalowa, lile linapata matone, halafu sheria inamtaka alingane na kiwanda chenye mashine.

Na presha je? Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, ila halisemi tuondoe madini joto, watu wakipunguza chumvi, kipimo cha madini joto kinaweza kuongezwa kiwandani, basi.

Jumapili nikaenda kwa shangazi. Chumvi anayopikia ni ya paketi ileile, kaimimina kwenye kopo halina mfuniko, pembeni ya jiko la mkaa, imeshalowa kwa mvuke na madini joto yenyewe sijui kama yamebaki. Nikamtafutia kopo lenye mfuniko, ya voisi hatukuigusa.