Maskini Wenye Haya wa Florence: Nani Alistahili Kusitiriwa?

Mwaka 1442, Antonino Pierozzi, mtawa Mdominiko aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Florence, mji wa Italia, miaka 4 baadaye, aliwakusanya walei 12 na kuwapa kazi ya kuwatafuta watu walioitwa maskini wenye haya: waliokuwa na uwezo wakafilisika, na ambao walikuwa radhi kulala njaa kuliko kuonekana wakinyoosha mkono mlangoni pa kanisa. Chama hicho, Buonomini wa San Martino, yaani Watu Wema, kilifikisha msaada kimyakimya na hakikujiwekea akiba, kilichopatikana kiligawiwa.

Wanaokikosoa wana hoja nzito. Ikiwa haya ndiyo kigezo, heshima inageuka mali ya aliyewahi kuwa nayo, na ombaomba aliyezaliwa katika dhiki anahesabiwa kuwa hana cha kupoteza, ilhali Injili waliyoisikia walei hao hao inamtambua Kristo katika mwenye njaa na aliye uchi bila kuuliza jana alikuwa nani. Tena, fedha za Medici, ukoo tajiri uliotawala siasa za mji huo, zilizoingia humo zinamfanya mtu ajiulize kama wema huo haukuwa pia njia ya kununua utii.

Hata hivyo, daftari za miaka ya mwanzo zinapunguza makali ya lawama hiyo, kwa kuwa waliosaidiwa kwa wingi hawakuwa mabwana walioanguka bali mafundi, wakiwamo wafumaji, wenye watoto wengi na ujira usiotosha, pamoja na wanawake waliotoka kujifungua. Katika kanisa dogo la chama, michoro ya ukutani iliyotoka kwenye karakana ya Domenico Ghirlandaio mwishoni mwa karne ya 15 inamwonyesha mzazi akiwa kitandani, na wageni wamemletea kuku, divai na nguo za mtoto mchanga. Msaada umemfuata alipo, kama jirani anavyomwendea mzazi.

Kwangu mimi, swali kubwa zaidi ni nani alibeba aibu ya kuomba. Mapokeo ya Florence yanasema kwamba hazina ilipokauka, Watu Wema waliwasha mshumaa mlangoni ili wapita njia wajue. Mwenye shida alibaki amesitirika nyumbani kwake. Waombaji wa hadharani wakawa wao, watu wenye majina na nafasi zao mjini, na ibada ya namna hiyo naiheshimu kwa dhati. Ombaomba wa mlangoni pa kanisa, lakini, hakuwashiwa mshumaa, na hapo sioni namna ya kuwatetea.